Mtoto Wangu Anamjua Bibi Ambaye Hajawahi Kumwona

Shangazi Vasiti mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima zote, na nakimbilia moja kwa moja kwenye msaada ninaouomba, maana zimebaki siku kumi na mbili tu kabla ya mtoto kupelekwa ujombani.

Mimi ni baba wa mtoto mmoja, binti, anaitwa Akanisi, ana miezi kumi na mitatu, na kwanza nikueleze kwamba huyu mtoto si wa kawaida, najua kila baba anasema hivyo lakini wengine wanakosea, kwa sababu huyu alikaa mwenyewe bila mto kabla ya miezi sita, alipiga makofi bila kufundishwa na mtu, na siku alipopinduka kitandani mara ya kwanza nilimpigia simu bosi wangu wa mikate kumwarifu, naye akaniuliza kama mikate ya Korovou imefika.

Sasa shida yangu. Mke wangu Mereoni kwao ni Tailevu, na unajua mtoto hakanyagi kijiji cha mama yake mpaka upande wa baba umpeleke rasmi, na mikeka, na jino la nyangumi la kutolea heshima, na chakula cha kutosha, ndipo ndugu za mama wauone uso wake. Siku hizi wengi hawabani sana, bibi anakuja hospitali anamwona mjukuu na maisha yanaendelea, lakini baba mkubwa wa mke wangu, mzee Viliame, ambaye ndiye mkuu wa ukoo, alisema tangu siku ya kuzaliwa, "Sisi tutamwona siku hiyo, wote pamoja. Asije mtu akaniambia eti alichungulia." Tukakubali, tukapanga mtoto apelekwe akiwa na miezi mitatu, mara kijijini akafa mzee mmoja wakaweka siku mia za kuomboleza, zilipoisha kimbunga kikaondoka na paa la ukumbi, paa liliporudi shangazi zangu wa kisiwa cha Kadavu wakawa hawajamaliza kusuka mikeka, na mtoto hasubiri mikeka, Shangazi, mtoto anakua.

Akiwa na miezi minne nilikwenda naye soko la Nausori, siku ya Jumanne, kununua kome, na bila kufikiri nikajikuta nimesimama mbele ya mkeka wa mama mkwe, ambaye huja kuuza kome wa mtoni kila Jumanne. Mimi na mama mkwe kwa desturi hatuna mazoea, ni salamu na macho chini. Alipoona nimebeba nini, akavuta kitambaa anachofunikia kome akajifunika uso mzima asimwone mtoto, mwanamke mwaminifu kabisa, kisha akakishusha kidogo kuangalia kama tumeondoka. Akanisi akacheka. Si tabasamu, ni kicheko chenye sauti, cha kwanza maishani mwake. Mama mkwe akajifunika tena, mtoto akacheka tena, na mara ya tatu nakuapia yule mama hakuwa anajificha.

Tangu hapo kila Jumanne tuko sokoni. Mereoni ni mwalimu wa darasa la tatu, mimi nikishamaliza kusambaza mikate asubuhi ndiye ninayeshinda na mtoto, kwa hiyo nafasi tunayo. Jino la kwanza aliligundua mama mkwe, kwa kidole. Kutambaa alianzia kati ya mafungu ya kome. Neno lake la kwanza lilikuwa "Bibi", na mimi nililia mbele za watu. Halafu wiki tatu zilizopita mama mkwe alikuwa ameshika kipande cha muhogo wa kuchemsha, Akanisi akaachia magoti yangu akatembea, hatua nne, nimezihesabu kwenye video mara nyingi, soko zima likapiga makofi, na muuza mananasi akatoa nanasi zima kumpa mtoto mwenye meno sita.

Nyumbani hatembei. Nyumbani anatambaa tu kama hajawahi kusikia habari za miguu. Nimejaribu muhogo uleule, akautambalia, akaula, akaniangalia. Mereoni ana daftari anaandika kila kitu, na ukurasa wa hatua ya kwanza uko mtupu, wiki iliyopita akampeleka kliniki kwa wasiwasi, nesi akasema miguu ni mizima, asubiri, lakini alirudi macho mekundu akaniuliza, "Baba Aka, au ni mimi? Au kwa sababu nashinda kazini?" Nikamwambia watoto hawalingani. Halafu akampigia mama yake, akaweka sauti ya juu ili na mimi nisikie.

"Mama, Akanisi bado hajatembea."

"Atatembea tu, mwanangu. Hata wewe ulichelewa."

"Natamani ungemwona, Mama."

"Hata mimi natamani," akasema yule mama bila hata kukohoa. "Sijui anafanana na nani, masikini."

Nikatoka nje kwenda kuangalia gari, ingawa gari halikuwa na tatizo lolote.

Sasa hatimaye siku imepangwa, Jumamosi ya wiki ijayo, watu mia mbili watakuwa wameketi kimya, mzee Viliame anapokea jino la nyangumi, na mtoto ambaye eti hajawahi kumwona bibi yake atachomoka katikati ya ukumbi akimwita. Mama mkwe ameshauri avae miwani myeusi na kofia kubwa. Mimi niliamua tusiende sokoni mpaka sherehe ipite ili mtoto amsahau kidogo, na Jumanne iliyopita nilikuwa nimeshikilia uamuzi wangu kabisa. Tulikwenda. Ameanza kucheza dansi.

Naomba uniambie, Shangazi, nifanyeje mtoto amsahau bibi yake kwa siku moja tu? Na tafadhali ubadilishe majina.

Baba Mwenye Video, Nausori

*

Baba Mwenye Video,

Majina nimeyabadilisha, ila usijidanganye, soko zima linakujua. Mimi mwenyewe nilikuwepo. Nilikuwa na fungu langu la mchicha, nikaliweka chini nikapiga makofi, nikajisemea yule baba anayelia na simu mkononi ana moyo mzuri, bila shaka anamrekodia mama mtoto. Sasa makofi yangu nayataka yarudi.

Jibu hili nimekutumia kwenye simu Jumatatu. Gazeti linatoka Alhamisi, na ofisi ya walimu hulisoma wakati wa chai ya saa nne. Kwa hiyo unajua una muda gani.

Barua yako nimeicheka mpaka nilipofika kliniki, na hapo kicheko kikaniishia. Umeniandikia kurasa tatu za mzee Viliame na kofia ya mama mkwe, na mkeo ukampa mistari michache. Mwanamke anampeleka mtoto kliniki akaguliwe miguu, anajilaumu kwa kwenda kazini, nawe dawa ya wasiwasi wake unayo mfukoni, kisha unamwambia watoto hawalingani. Ungekuwa mwanangu ningekuvuta sikio. Furaha yako naielewa, tena inanifurahisha, maana wanaume wangapi wanampigia bosi kwa sababu mtoto kapinduka? Lakini umeila peke yako kama mtu aliyejifungia jikoni na sufuria, na mama mkwe amekushikia mwiko.

Mtoto kumsahau bibi yake haiwezekani, na ni vibaya hata kujaribu. Ile miwani ndiyo itawamaliza kabisa. Huyu mtoto alijifunza kucheka kwa kufichwa uso, akimwona bibi nyuma ya kofia atajua ni ule mchezo wao, na atacheka mbele ya jino la nyangumi mpaka ukumbi utikisike. Na nyumbani hatembei kwa sababu nyote wawili mmemkodolea macho, mmoja kwa hofu na mwingine kwa hatia. Angekuwa mtu mzima naye angetambaa.

Sasa fanya ninavyokwambia. Leo Mereoni akitoka shule mkaribishe chai, umweleze yote kuanzia kile kitambaa cha kome. Usianze na video, anza na samahani. Akikasirika usijitetee, na akinyamaza ndiyo usijitetee kabisa. Usimtupie mama yake lawama pia, maana hakukuita sokoni kwa tarumbeta.

Kesho yake uende kwa mzee Viliame na msemaji wa upande wenu na mizizi ya kava, ile ya kutengenezea kinywaji cha wazee, iliyo nzuri, si ile myembamba ya kando ya barabara. Keti chini karibu na mlango, uombe radhi kabla ya sherehe na si baada. Mama mkwe awepo, aseme kwa mdomo wake, kwa kuwa aliyeweza kusema hajui mtoto anafanana na nani hashindwi na jambo dogo kama hilo. Mzee atanyamaza muda mrefu kuliko unavyopenda, nawe usiujaze ule ukimya kwa kumwonyesha video. Atakukaripia, pokea. Mimi nimeolewa Tailevu miaka thelathini, wale wazee hukaripia kwa ufundi na husamehe kwenye bakuli la tatu la kava. Na mikeka iende yote, asije shangazi yako mmoja wa Kadavu akasema kwa kuwa mtoto ameshaonwa basi ipunguzwe.

Siku yenyewe mtoto akichomoka mwache achomoke, mzee atakuwa ameshajua na wengine watacheka. Tunabeba mikeka yote ile ili mtoto asiwe mgeni kwa ndugu za mama yake, na wako si mgeni.

Kuna jambo ambalo hukuliandika, na sidhani kama umelifikiria. Wewe umeona kicheko, umeona jino, umeona hatua, umesikia neno. Mereoni ameitii amri ya baba yake mkubwa miezi kumi na mitatu, na katika miezi yote hiyo hajawahi hata mara moja kumwona mama yake amembeba mtoto wake. Jumamosi hiyo ataliona kwa mara ya kwanza. Simu iache kwenye gari, na usimwangalie mtoto, umeshamwona vya kutosha. Mwangalie mke wako.

Shangazi Vasiti