Kigoda cha Gari la Moshi ni Changu

Dodoma,
mwezi wa kuvuna uwele, 1912

Mpendwa mpwa wangu Sila,

Marahaba. Mimi nina miaka sabini, au imezidi. Njaa ilinikuta ikaniacha. Sotoka ilimaliza ng'ombe, mimi haikuniweza. Ndui ilinichimba uso ikaenda zake. Sasa Yoramu ndiye anishinde?

Wewe mzima? Kilosa kuna mbu, jifunike. Sisi wazima, uwele umekubali. Barua hii naandika mwenyewe. Mwalimu Elieza anasema hajaona mzee ashikaye herufi upesi hivi.

Habari ya posa yako. Nilikwenda Makole kwa Yoramu kukuposea binti yake Ruthu. Hata hali yako hakuuliza. Akasema mbele ya watu, "Matonya, kiri kwanza. Ule ubao wa kupandia ubavuni mwa gari la moshi unaitwa kigoda kwa sababu ya kigoda changu. Ukikiri, mtoto utapewa."

Mimi nikiri! Gari la kwanza lilipofika, mlango ulikuwa juu, na yule Mdachi mnene akahangaika chini kama ng'ombe aliyenasa topeni. Nani alimletea kigoda chake cha kukamulia? Mimi. Akakikanyaga kwa kiatu cha misumari, akapanda. Yalipokuja mabehewa yenye ubao ubavuni, watu wakasema kigoda cha Matonya kimeota chuma. Siku hizi wanasema kigoda tu, jina langu wamelimeza. Na Yoramu siku ile? Alikuwa ndani ya uwele, kajikunyata, akidhani gari linakula watu.

Nikarudi nyumbani kukichukua kigoda changu, nikakiweka mlangoni pake. "Kaa," nikamwambia. Akakataa. Wajua kwetu, akaliaye kigoda cha mwenzake amekubali kuwa mdogo wake.

"Vigoda vyote ni miti, mzee," akasema. Mjinga.

Ndipo Ruthu akatoka na kibuyu cha maziwa, akakaa yeye. Akapapasa ukingoni. "Baba, matundu ya misumari haya hapa. Chako laini." Yoramu akatazama miguu yake. Ruthu akanigeukia, hakuinuka. "Mjomba, mwambie Sila aje."

Basi njoo. Amekikalia, ni mtoto wetu.

Shangazi yako Emilia anakusalimu, na nduguyo Filipo. Mungu akunyeshee heri huko uliko.

Ni mimi nikupendaye, mjomba wako,
Matonya

Ukibisha, muulize Mustapha, Mrangi wa Kondoa. Siku ya Mdachi alikuwa pale na mbuzi wake. Na ya kigoda mlangoni, muulize Loisi, mke wa Yoramu. Hajamaliza kucheka.