Paka wa Mama Amekula Mjusi wa Mume Wangu

Shangazi Esha, shikamoo. Naomba unisaidie kwa hima maana ndoa yangu yavunjika kwa sababu ya mjusi, na tafadhali usicheke, mume wangu Alamin ni mtafiti wa mijusi, na anasema zamani sana Mzungu fulani alimpa mjusi mmoja wa huku kwetu jina la kitaalamu, akamhifadhi kwenye chupa awe shahidi wa jina hilo, lakini chupa ikapotea vitani huko Ulaya, na tangu hapo wataalamu wanabishana jina ni la mjusi yupi, na ubishi hautakwisha mpaka apatikane shahidi mpya kutoka pale pale alipokamatwa wa kwanza, yaani kisima cha mawe cha Jego, na kisima hicho, Shangazi, siku hizi kimo ndani ya ua wa mamangu mzazi.

Mamangu, Bi Mbeyu, akimwona mjusi kafiri humpiga kandambili akitaraji thawabu. Alamin alimwomba, "Mama, huyu usimpige, namtaka na mkia wake." Mama kwa adabu akaiweka kandambili chini, lakini alipomwona mkwewe amempindua mjusi mbele yake anahesabu vitundu vya mapajani huku akisema, "Huyu dume," alijifunika leso akaingia ndani, akaniita.

"Twaiba, huyu ndiye uliyekataa posa ya binamu yako kwa ajili yake?"

"Mama, anamtafutia jina."

"Jina analo. Kafiri."

Basi Alamin akampata aliyemtaka, akamtia kwenye chupa ya spiriti, akaiweka jikoni, mama akanusa, akapiga ukelele, "Pombe! Katika nyumba ninayosalia!" akaimwaga yote uani, na kabla Alamin hajavaa viatu paka wa mama alikuwa amemmeza mjusi, akazunguka kisima akipepesuka, akalala chali akikoroma. Mume wangu alilia, Shangazi, alilia machozi: "Paka amekula jina!" Sasa tumerudi Ukunda, kila mmoja adai aombwe radhi, wote wasemea kwangu, mama kwa simu, na jana Alamin aliniuliza kama paka yule aweza kupasuliwa, simu iko wazi, mama akasikia, akaniamrisha nirudi Jego na nguo zangu. Nifanyeje?

Twaiba, Ukunda

Marahaba, Twaiba. Nimecheka, uniwie radhi, kisha nikakuhurumia. Lakini nawe! Mumeo anafunua mapaja ya mjusi mbele ya mkwewe, nawe umesimama tu? Na yeye, msomi mzima, anatia spiriti jikoni kwa watu bila idhini! Mama ana haki ya kughadhibika. Kukuvunjia ndoa, hiyo haki hana.

Nimemuuliza mjuzi wa mambo hayo. Asema mjusi hawi shahidi mpaka achaguliwe na habari yake ichapishwe rasmi. Alamin alikuwa amechapisha? Hata. Basi paka hakula jina lolote, amekula mjusi, na wenzake tele wangali kisimani. Tumbo la paka aliache.

Wewe acha kubeba maneno ya watu. Ijumaa baada ya swala nendeni Jego wote wawili. Alamin ndiye mtoto, aombe radhi kwanza. Spiriti ibaki kwa jirani. Kisha mwombeni mama awakamatie mjusi mwenyewe, amfunike kwa kawa la chakula. Mwenye shabaha kama yake hatashindwa, na akishirikishwa hatamwaga tena.

Na mkibisha hodi, mumeo atoe shikamoo kwanza. Kuta atazikagua akishakaribishwa.