Kashata Moja kwa Kila Mtu

Alhamisi, 1 Agosti 1996

Kutwa nzima mapokezi ya kliniki. Simu, mafaili, na mzee mmoja aliyekuja kumwona daktari aliyehama tangu mwaka jana, hakutaka kuamini kahama. Chakula cha mchana nimekula nimesimama, mkono mmoja nimeshika ramani ya Portsmouth. Nimeitazama hata imeanza kuchanika kwenye mikunjo.

Zimebaki wiki mbili na siku mbili. Miaka sita sasa akina mama wa Unguja na Pemba tunaoishi huku Uzunguni tunafanya safari moja kila mwaka, na miaka sita safari ni ile ile: bustani karibu na Kingsbury, upande wa pili wa jiji, mikeka, biriani, umbea, kurudi nyumbani Lewisham. Mimi nimesimama mkutanoni nikasema nataka kuwapeleka mji wa kale wa pwani. Tutembee kwa mpango, mtu mbele anaeleza, watu nyuma wanasikiliza, kama watalii wanavyotembezwa Mji Mkongwe. Bi Shemsa, mwenyekiti wetu, akanitazama kwa juu ya miwani. Akasema haya Rukia, mwaka huu ni wako. Ukiharibu tunarudi kwenye bustani yetu, na ramani zako usituletee tena.

Naitaka kazi hii. Sijapata kutaka kitu hivi tangu nilipotaka kuolewa na Seif, na huyo pia nilipewa kwa masharti.

Jumapili, 4 Agosti

Portsmouth peke yangu kwa treni, kujifunza njia. Nimejiunga na msafara wa wazungu. Kiongozi wao mwanamke mrefu, kanyanyua mwavuli mwekundu juu na mvua hakuna, ili watu wamwone. Kila kona anasimama, anamngoja wa mwisho, ndipo anasema. Nimeandika yote. Mnara wa mraba. Ukuta wa bahari wenye matao unayopita chini yake ukatokea ufukweni. Mnara wa mviringo penye mlango wa bandari, na mnyororo waliokuwa wakiuvuta zamani kuzuia manowari za adui.

Na kipembe kimoja cha mji huo wanakiita Kisiwa cha Viungo! Nilitaka kumshika yule mama mkono nimwambie wenyewe ndio sisi, wa Unguja. Nacheka tangu hapo.

Jumatano, 7 Agosti

Mavyaa haendi. Bi Mwanaidi, mama yake Seif. Kasema kwa upole, kama anavyosema kila kitu: "Nendeni mwanangu, mimi nitakulindieni nyumba." Nyumba yenyewe ghorofa ya nne, mlango una kufuli tatu.

Kaja kwetu alipofiwa na mumewe, huu mwaka wa tatu. Anatoka kwenda kliniki na kurudi, basi. Mchana hukaa dirishani akatazama maegesho ya magari. Ukimwuliza hali, alhamdulillahi. Ukimwuliza chakula, alhamdulillahi. Miaka mitatu sijui kama ananipenda au ananivumilia. Inaniudhi, na kuudhika kwangu kunanitia haya.

Mwanangu Nuru kambembeleza bibi yake kwa Kizungu, yeye kakataa kwa Kiswahili. Wameelewana vizuri tu.

Ijumaa, 9 Agosti

Mkutano. Ugomvi wa kuhesabu. Nimesema kila tukipanda basi nitahesabu watu. Wakubwa wakanirukia. Mtu hahesabiwi. Ukihesabu watu unawatia jicho, hurudi pungufu. Mmoja kasema nduguye alihesabu watoto wake mbele za watu na haukupita mwezi, mmoja wao akavunjika mguu. Nikawaambia dereva anataka idadi. Bi Shemsa akasema na ahesabu viti.

Nimewaza njiani, ndani ya basi, nikapata dawa. Kashata. Nitahesabu kashata, watu sitawagusa. Thelathini na saba kwenye sinia, kila anayepanda anachukua moja. Sinia likiwa tupu wote wamo. Nimempigia Bi Shemsa. Kwa mara ya kwanza kasema nina akili.

Jumanne, 13 Agosti

Nilikuwa jikoni nafanya mazoezi, nayaeleza masufuria habari za mnara na mnyororo, mkononi mpini wa ufagio nimeufunga kanga nyekundu. Mwavuli sina, kanga itaonekana mbali zaidi. Nageuka, mavyaa kasimama mlangoni. Sijui tangu lini. Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto.

Hakucheka. Kauliza, "Huko kuna bahari kweli, au mto?"

"Bahari, mama. Maji ya chumvi."

Kaenda kulipiga pasi buibui lake. Sasa kashata ni thelathini na nane.

Ijumaa, 16 Agosti

Kashata zimekatwa. Sinia la kwenda, sinia la kurudi. Bi Time wa kikundi chetu kaja kusaidia, kala mbili bado za moto, kaungua ulimi, kala ya tatu. Nimemfukuza. Nimezihesabu mara nne. Pilau ya watu hamsini, kwa sababu hakuna anayejua kupika ya watu thelathini na nane. Siogopi. Naogopa.

Jumamosi, 17 Agosti

Tumerudi. Wote tumo, wazima. Siwezi kuandika. Kesho.

Jumapili, 18 Agosti

Haya.

Asubuhi ilikuwa nzuri hata nikashuku. Wote wamefika kwa wakati, jambo ambalo halijapata kutokea tangu kikundi kianze. Sinia la kwenda tupu, tukaondoka. Dereva, mzungu mnene mwenye haya, kapewa sambusa kabla hatujafika barabara kuu, na kuanzia hapo akawa mtoto wetu.

Na nimeongoza! Kanga juu, wao nyuma yangu kwa mabuibui yao, wazungu wanapisha njia. Tatizo moja. Wale wazungu wa siku ile walikuwa wanasikiliza kimya. Hawa wangu wanajibu. Nikisema mnara huu una miaka mia kadhaa, mmoja anasema ngome yetu ya Forodhani je? Nikionyesha manowari, Bi Shemsa anauliza kama ndizo zilizokuja kulipiga kasri la Sayyid Khalid kwetu Unguja, kwa sababu mwezi huu ndio inatimia miaka mia. Nikasema hizi labda wajukuu zao. Akaziangalia kama mtu anayeangalia mdeni. Kwenye Kisiwa cha Viungo wote walinusa. Bia na viazi vya kukaanga. Wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Sijapata kufurahi vile. Nilikuwa mahali pangu.

Mavyaa alikuwa wa mwisho kila kona. Nilimwona, nikamngoja, nikaeleza, nikaendelea. Sikwenda kutembea naye hata hatua moja. Naliandika hili ili nisije nikajidanganya baadaye.

Tukala, tukasali kwenye majani, tukapumzika. Saa kumi na moja nikasimama penye basi na kanga yangu, napunga na kuita. Nuru mlangoni na sinia. Wakapanda. Sinia tupu. Nikakaa mbele na dereva, nikajiona sultani.

Tulikuwa tumekwenda saa nzima. Nikakumbuka vidonge vya presha vya mavyaa viko mkobani mwangu na wakati wake umefika. Nikaenda nyuma. Kiti cha pembeni ya Bi Time kitupu. Nikauliza mama yuko wapi. Bi Time akainuka akatazama mbele. Alidhani yuko mbele na mimi. Pale kwenye basi mavyaa alimwambia, "Nichukulie na yangu, nakuja." Naye kachukua mbili.

Sijui nilipiga kelele gani. Nuru anasema nilimshika dereva bega na basi likayumba. Aligeuza bila kuuliza neno. Saa nzima ya kurudi, hakuna aliyesema. Watu thelathini na saba, na wote wanawake, kimya. Wengine walikuwa wanasoma dua chini chini. Mimi nilimwona kagongwa na gari. Nilimwona kaanguka kwenye maji. Hajui Kizungu, hajui namba ya simu ya nyumbani, na vidonge ninavyo mimi. Nilijiuliza nitamwambia nini Seif.

Tumemkuta chini ya yale matao, kakaa kwenye vijiwe vya ufukweni. Viatu kavivua, kavipanga pembeni. Buibui kalipandisha magotini, miguu majini. Mzee mmoja wa kizungu kakaa hatua chache na mbwa wake, hawasemezani. Nikakimbia nikaanguka nikainuka. Kanitazama.

"Mmekwisha kurudi?"

Nililia mbele za watu wote. Yeye akanifuta kwa ncha ya mtandio wake, mkono baridi kama samaki. Bi Shemsa akasema, "Tutazungumza Ijumaa." Hakusema kwa ukali, na hiyo ndiyo iliyonichoma.

Jumatano, 21 Agosti

Kliniki, soko, kupika. Seif hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Jioni tulikuwa tunamenya vitunguu thomu, mimi na mavyaa. Bila kuniangalia akasema, "Rukia, mimi sikusahauliwa."

Alinisikia nikiita. Aliiona kanga. Alimwambia Bi Time amchukulie kashata ili nisimtafute, akarudi nyuma ya ukuta, akasimama pale mpaka basi likaondoka. Alitaka dakika mbili tatu tu na bahari, peke yake, bila mtu kumwuliza kama anaona baridi. Kisha basi likaenda, akasema moyoni na liende. Alijua tutarudi. "Wewe huwezi kuniacha," kasema hivyo, kama mtu anayesema chumvi iko kabatini.

Nilikasirika. Nilikasirika kweli, nikasimama, kisu mkononi, maganda yakaanguka. Nikamwambia nilishamzika mara mia moja njiani. Akaitikia kwa kichwa. Akasema ndiyo, amekosa. Halafu nikamwona, mwanamke wa miaka sabini na mmoja, kajibanza ukutani amebana pumzi, na mimi napunga ufagio. Nikaanza kucheka. Naye akacheka. Sijapata kumwona akicheka hivyo, meno yote nje.

Anasema Ijumaa atakwenda kuwaeleza ukweli. Nimemkataza. Bi Shemsa akilijua hili, kabla ya Jumamosi wanalo Kingsbury, na kabla ya Jumapili liko Unguja, kuwa Bi Mwanaidi kajificha kama mtoto anayecheza kibe. Watamcheka mpaka siku atakayokufa. Nikamwambia mama, hili libaki humu jikoni.

Lakini angeniomba ningekaa naye. Ndilo linalonikereketa. Au hakuomba kwa sababu aliona jinsi nilivyokuwa na shughuli na wageni wangu.

Ijumaa, 23 Agosti

Wamenivua uongozi.

Waliuliza ilikuwaje. Nikasema nilikosea. Nilitegemea sinia, sikutegemea macho yangu, na mkwe wangu mwenyewe sikumwangalia. Yote kweli. Bi Time alilia, nikasema yeye hana kosa, kiongozi ni mimi. Bi Shemsa kasema maneno mazuri, kwamba hajapata kuona safari tamu kama ile, na kwamba mwakani ni bustani. Watu wakaitikia. Wengine waliniangalia kwa huruma, na mimi huruma siipendi.

Mavyaa alikuja. Kakaa pembeni, mikono magotini. Mara moja akafungua mdomo. Nikamtazama, naye akaufunga.

Nimerudi nyumbani na ramani. Nimeitia kwenye droo ya vijiko kwa sababu sikujua pa kuitia. Nimeumia. Ile kazi nilikuwa naiweza.

Jumatano, 28 Agosti

Simu, mafaili. Yule mzee anayemtafuta daktari aliyehama kaja tena. Nimemkalisha, nimemsikiliza dakika kumi. Alitaka tu kusema.

Jumapili, 1 Septemba

Leo nimekwenda Portsmouth na mavyaa. Sisi wawili tu, kwa treni. Seif kauliza kuna nini huko tena, mama yake akamjibu kuna shughuli.

Nilidhani atataka kukaa peke yake, basi nikakaa mbali kidogo na gazeti langu. Akaniita. Kasema siku ile alikuwa nyuma, upepo ulikuwa unayachukua maneno, hakusikia hata nusu. "Haya, kiongozi. Anza mwanzo."

Nikaona haya. Nikasimama hata hivyo. Nimemweleza mnara wa mraba, tukatembea. Nimemweleza ukuta. Penye mnara wa mviringo akataka kujua mnyororo ulivutwa na watu wangapi, na walikula nini, na usiku walilala wapi. Sikujua. Akasema nitafute. Tumechukua muda mrefu kuliko siku ya watu thelathini na nane, kwa sababu anatembea pole pole na mimi nilikuwa nimemshika mkono.

Mwishoni tukarudi chini ya matao. Tumevua viatu. Maji baridi, ni wazimu. Nilikuwa bado naeleza, akaniambia, "Umeeleza vizuri mwanangu. Sasa nyamaza." Nikanyamaza.

Treni tuliyokusudia kupanda ilikwenda zake, miguu yetu bado majini. Saa yake tulikuwa tunaijua sote wawili.