Kwa Olda Vaculka, Beki Asiyetulia

Mwaka mmoja umekwisha, Olda, tangu ututoke asubuhi ile ya Februari, na majivu yako bado yako hapa sebuleni Vsetín, juu ya kabati la vyombo. Watu wanatuuliza tutakuzika lini. Tunabishana tu, na nyumba nzima haina utulivu.

Ulicheza hoki ya barafu miaka ishirini na miwili: hapa kwetu, Trenčín, Oulu na Kuopio kule kaskazini ya mbali, hadi Bolzano kule milimani. Simu ya wakala ikilia tu, unaacha kijiko mezani na kuanza kushusha masanduku. "Msimu mmoja tu, Jarmila," unaniambia. Mwongo mkubwa wewe! Nilipofika Oulu na binti yetu Radka mkononi, nilikuta umeshauzwa Kuopio. Ulikuwa umetuachia sufuria ya supu ya kabichi. Nililia, nikala, nikafungasha upya.

Hukuwa mfungaji. Kazi yako ilikuwa kujirusha mbele ya mashuti ya watu, na meno manne yalibaki huko. Chipukizi wa timu walikula kwetu, ukawanolea viatu vyao vya kuteleza wewe mwenyewe. Wao walikaa mezani. Wewe ulikula umesimama, kama mtu anayesubiri kuingizwa uwanjani. Tulikupenda hivyo hivyo.

Sasa mdogo wako Vojtěch anataka ulale hapa makaburini na wazazi wenu. Radka anataka majivu yamwagwe kwenye bahari ya Oulu, alikokulia baada ya timu ile kukununua tena.

"Baba alikuwa na furaha kule," anasema.

"Furaha gani? Alikuwa anaganda!" Vojtěch anadakia.

"Baba mdogo, wewe unamtaka hapa ili kila Jumapili umkumbushe alivyoanguka ile mechi na timu ya Zlín."

"Si alianguka kweli?"

Nilicheka, kisha nikaona aibu kucheka mbele yako.

Wewe mwenyewe tulikuuliza hospitalini. Ukasema, "Popote, mradi kuna mechi." Jibu gani hilo, Olda? Limeninyima usingizi mwaka mzima. Kila safari uliamua wewe, na hii ya mwisho ukanitupia mimi.

Basi nimeamua. Jumamosi asubuhi tunakulaza kando ya mama na baba yako. Radka amelia, lakini amekubali. Mchonga mawe nimemwambia kwenye jiwe la kaburi aandike na jina langu chini ya lako, mwaka wa kufa auache wazi.

"Mama, huogopi?" Radka akaniuliza.

Niogope nini? Nataka yeyote atakayekuja kukuita tena asome pale kwamba una mke, na mke huyu hahami.

Tunaokukumbuka ni mimi mkeo Jarmila, binti yako Radka na mumewe Hynek, mdogo wako Vojtěch, na wenzako wote wa chumba cha kubadilishia jezi.

Hutatutoka moyoni kamwe. Tulia sasa, Olda.