Ubao Haufutwi kwa Mate

Kasongo, nyumbani kwa Shangazi

Kwako mdogo wangu Zuhura, huko Kabambare,

Salamu zangu zikukute mzima. Namwombea Mama awe amepona kikohozi chake cha mvua, na mguu wa Bibi usimsumbue tena akishuka mtoni. Mimi sijambo, na Shangazi hajambo. Homa iliyonishika nilipofika imeniacha, ila imenikondesha, na nguo uliyonishonea imekuwa pana kama ya mtu mwingine.

Barua hii anaileta Mjomba Rajabu, lakini usimpe akusomee. Baba ameniletea neno kwamba ukiweza kuisoma wewe mwenyewe, mbele yake na mbele ya Mama, bila mtu kukunong'oneza, utakuja Kasongo na msafara unaofuata, tusome pamoja. Ukishindwa, utabaki huko. Kwa hiyo nimeziandika herufi hizi za Kiarabu kwa ukubwa, na nukta zote nimeziweka. Msubiri Baba amalize kula, ndipo uanze.

Nataka ujue mapema chuo cha hapa kilivyo. Nilipokuwa huko nilidhani kila anayebeba ubao anasoma. Zuhura, nimeona mambo ya kuchukiza hapa mpaka siku nyingine ninaacha ugali sahanini.

Tunakaa mikekani uwanjani kwa Bi Mwalimu, mke wa shehe, na kila msichana ana ubao wake. Unaandika somo kwa wino wa mchele ulioungua, unalisoma mpaka likae, kisha unaosha ubao kwa maji safi na kuyamwaga pasipokanyagwa, kwa heshima ya maneno yaliyokuwa juu yake. Ndivyo inavyotakiwa. Lakini mtoni ni mbali na wenzangu ni wavivu. Wanatema mate juu ya ubao, wanasugua kwa kiganja, na kwa kiganja hichohicho wanachota karanga na kula. Maji ya wale wachache wanaoosha wanayakusanya katika mtungi nyuma ya ukuta, yanakaa humo mpaka yananuka, na nzi wanaelea juu yake. Na hayo ndiyo wanayoyanywa.

Unajua Bi Mwalimu humwandikia mgonjwa kombe: anaandika maneno katika sahani safi, anayaosha kwa maji, mgonjwa anakunywa. Basi wasichana hawa wakasema kama kombe linaondoa homa, maji ya mbao zetu yataweka somo kichwani. Hawakumwuliza Bi Mwalimu. Wanakunywa kwa zamu, kata kwa kata, wakifumba macho.

Aliyewaongoza ni Aziza, binti wa Shangazi, ninayelala naye chumba kimoja. Aziza ana sauti nzuri na anashika kwa kusikia. Anayumbayumba, anaimba somo lote, na kidole chake kiko mstari mwingine kabisa. Siku moja kiliota jua ukingoni mwa ubao, mahali pasipo na herufi, na yeye anaimba tu. Mimi wananiita Bibi Kidole, kwa kuwa kidole changu hakiondoki chini ya neno. Nilipoikataa ile kata, Aziza alicheka mbele ya wote.

"Wewe soma kwa macho, Bibi Kidole," alisema. "Mimi nasoma kwa tumbo. Tutaona nani atashiba."

Nyuma ya uwanja huo kuna msichana wa rika lako anayetwanga mpunga tangu alfajiri. Aliletwa mjini kwa kamba shingoni, kutoka msituni, na hakuna aliyemwuliza kama angependa kushika kalamu. Ninapomwona mwenzangu akitemea ubao mate, ninatazama upande ule wa kinu. Hapo sina la kukushauri. Nakuambia tu ili ukifika usizoee.

Basi mume wa Shangazi akarudi safarini na kusema anataka kumsikia binti yake akisoma. Asubuhi ile Aziza alikunywa kata nzima, akaongeza nyingine. Baba yake alikaa mkekani, akavua viatu. Aziza akaimba sura aliyoizoea, vizuri sana. Baba yake akasema hiyo hata yeye anaijua bila kusoma, aandikiwe jambo jipya.

Aziza akaufuta ubao wake upesi, kwa mate kama kawaida, akamkabidhi Bi Mwalimu. Bi Mwalimu hakuona. Akaandika maneno machache tu: Baba amekuja kunisikiliza. Aziza akayatazama herufi kwa herufi. Safari hii hakuwa na wimbo wa kumsaidia. Mwisho akasoma: "Yaya amekuja kunisikiliza."

"Mimi niko yaya yako tangu lini, mutoto?" baba yake akauliza.

Watu wakacheka. Aziza akajaribu kusoma tena, lakini tumbo lake likakataa. Yale maji meusi yakatoka yote juu ya mkeka, mengine ndani ya viatu vya baba yake. Harufu yake sitaisahau. Waliocheka wakanyamaza, kwa sababu na wao walikuwa nayo tumboni.

Bi Mwalimu hakumgombeza. Alimpangusa uso kwanza, kisha akainamisha ubao kwenye mwanga.

"Aziza, umesoma kilichopo," akasema. "Nukta moja chini ya kila herufi ya ba ni yangu. Hizi za pili ni za jana. Mate yako yameziacha."

Unaona, Zuhura? Herufi ya baba ina nukta moja chini, ya yaya ina mbili. Uchafu wa jana umemgeuza mzazi wa mtu kuwa dada mkubwa mbele ya macho yake. Aziza amerudishwa kwa wanaoanza alifu, na mtungi umemwagwa kwenye migomba. Ananuna, lakini jana usiku aliniomba nimwonyeshe kidole kinavyofuata neno, nikamwonyesha.

Kwa hiyo ukija, njoo na kibuyu chako cha maji na kitambaa safi. Rudia la jana kabla ya kugusa la leo. Usilolijua uliza, hata wakicheka, kwa kuwa kicheko hakileti ugonjwa kama maji yale. Kula kabla ya somo, unawe mikono. Wakikupa kata, sema Bi Mwalimu amekataza. Mahali pa Aziza mkekani, karibu yangu, ni wazi. Nimepafagia, nimetandika kanga yangu asije mtu mwingine kupakalia.

Nisalimie Mama, umwambie ninafunga kichwa kila jioni kama alivyoniagiza. Nisalimie Bibi kwa Kibangubangu chake, asiseme Kasongo imenisahaulisha. Msalimie na jirani yetu mfinyanzi, aliyenipa chungu cha njiani. Kilifika bila ufa.

Baba najua sasa anakutazama midomo. Usiogope. Weka kidole chini ya neno la mwisho, hesabu nukta zake, kisha ulitamke kwa sauti asikie.

Ni mimi Mwamini,
wako
yaya