Mlango wa Gari la Mikate

Milembe, acha hiyo kazi usome. Klementina kalia mpaka sauti imemkauka.

Unalikumbuka lile gari bovu la baba yake, mzee Masalu, alilosambazia mikate tangu miaka ya themanini? Klementina kalipaka rangi nyeupe ndani na nje, eti mzee akitoka safari alikute kama jipya.

Mzee karudi leo. Alivyofurahi! Kalizunguka, kalipapasa. Halafu kafungua mlango wa nyuma.

Milembe, ule mlango! Kumbe mzee hakusoma shule, ndiyo tumeambiwa jioni hii. Marehemu mkewe ndiye aliyemwandikia pale, kwa ndani, majina ya vijiji vya kupeleka mikate, akamfundisha kusoma hapohapo. Klementina angejuaje? Mama yake alifariki yeye akiwa mchanga. Kaona maandishi yamefifia, kayapaka rangi.

Mzee kaweka kiganja juu ya ile rangi. "Hapa ilikuwa Shishiyu," kasema. "Hapa Mwamapalala." Kavitaja vyote, kimoja kimoja. Vyote, Milembe!

Klementina kauliza, "Baba, nimekosea nini?"

Mzee kafunga mlango taratibu.

"Wabeja, mwanangu. Asante. Gari limependeza."