Mlima wa Bure Kwenye Video ya Kwaya

Ijumaa jioni, Tengeru. Baridi, na ukungu haujaondoka tangu asubuhi.

Jumapili tunazindua video ya kwaya. Kesho asubuhi natakiwa kuipeleka mjini ikanakiliwe kwenye flashi, ziuzwe baada ya ibada, pamoja na mnada wa kuku na ndizi. Tunataka kumalizia paa la chumba chetu cha mazoezi.

Leo mchana nilikuwa naandika majina ya kuweka mwishoni: waimbaji, mpiga kinanda, na watu ambao vitu vyao nilivipakua mtandaoni. Hapo ndipo nikasoma masharti yao kwa makini.

Nilidhani bure ni bure.

Kumbe sivyo. Programu ninayohariria ni huria: naweza kuifanyia kazi yoyote, hata kumgawia mwenzangu. Sauti ya ndege niliyoweka katikati ya wimbo inaruhusiwa hata kwenye kitu cha kuuza, mradi nimtaje aliyeirekodi. Lakini kile kipande cha Mlima Meru kilichopigwa kwa droni, ambacho ndicho kinafungua video, mwenyewe ameandika wazi: kitumike bure, kisiuzwe.

Na sisi tunauza.

Nimemwandikia kuomba ruhusa. Hajajibu, na kila simu inapolia nashtuka.

Ikabidi nimpigie Mama Anaeli, mwenyekiti wetu. Nilimwamkia, nikamweleza.

"Si ulituambia ni bure?"

"Ni bure kutumia, mama. Kuuza ndiyo hapana."

"Bure gani hiyo? Mimi nikikupa ndizi, nikufuate mpaka jikoni nione kama umepika mtori?"

Nikacheka, lakini yeye hakucheka. Nikamwambia, "Na ukinikuta nimezipanga chini pale sokoni, nauza?"

Nilisikia mbuzi wake wakilia.

"Ningezibeba zote," akasema. "Na wewe ningekusema mbele ya watu." Kisha, kwa sauti ya chini: "Ila kina mama wameshausifia huo mlima usharika mzima. Ukituharibia, Jumapili utasimama wewe ueleze."

Akakata simu.

Nimekitoa kile kipande. Sasa hakuna mlima wala mawingu, video inaanza na Mama Anaeli akivuta pumzi, halafu sauti zetu zote zinaingia kwa pamoja. Nimeitazama mpaka sijui tena kama ni nzuri au nimezoea tu.

Kesho nitapita kwake kwanza nimwonyeshe, kabla ya kwenda mjini. Yeye ndiye aliyenifundisha kuimba besi nikiwa sijui hata kushika kitabu cha nyimbo. Sijawahi kumbishia jambo lolote.

Akiniambia rudisha mlima, nitaweza kumwambia hapana?